Kosa la Golikipa: Habari za Mpango wa Timu na Kazi za Wachezaji

Wasomaji wetu, leo twapenda kuwaeleza jambo ambalo wengi hulitazama kila Jumamosi na Jumapili jioni, lakini wachache huliona. Jambo hilo ni namna wachezaji 11 wa mpira wapangwavyo kiwanjani, na jinsi mpango huo ulivyobadilika toka kale hata leo. Sababu ya kuandika ni kosa tulilolitenda sisi wenyewe, nasi twaanza kwa kulikiri.

Timu ya shule yetu, hapa Turiani chini ya milima ya Nguru, ilikuwa ikicheza na timu ya shule jirani. Tulikuwa mbele kwa bao 1 kwa 0, na muda uliobaki ulikuwa mdogo. Watazamaji walisimama ukingoni mwa kiwanja wakapiga kelele, "Pandeni! Pandeni! Ongezeni la pili!" Nasi walimu, badala ya kuwanyamazisha, tukapiga kelele pamoja nao. Kijana wetu aliyecheza namba 6 akasikia, akapanda. Mpira ukapotea huko mbele, ukarudi katikati, mahali ambapo sasa hapakuwa na mtu. Mchezaji wao mmoja akaja nao mbio, asipate wa kumzuia, mpaka akamkabili golikipa wetu, akafunga. Dakika chache baadaye likaingia la pili kwa njia ile ile. Mchezo ukaisha, tukashindwa 2 kwa 1.

Lawama yote ilimwangukia golikipa. Alizomewa njiani, na watoto wadogo wakamtungia jina la mzaha. Akakaa nyumbani siku tatu, asije shuleni. Siku ya nne tulikwenda kwao kumtazama. Mama yake alitukaribisha vema, akatupa viti, kisha akasema, "Walimu, mimi sijui mpira. Lakini naambiwa watu kumi walikuwa mbele ya mwanangu. Hao kumi walikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi tukifikiri, tukaona ya kuwa swali la mama huyu ni swali la maana kuliko yote yaliyosemwa kiwanjani siku ile. Tena wakuu wa mpira duniani wamekuwa wakijiuliza swali hilo hilo kwa muda wa miaka 150: bao likiingia, watu kumi walikuwa wapi, na kila mmoja alikuwa na kazi gani?

Tuanze mwanzo. Sheria za mpira wa miguu ziliandikwa London mwaka 1863. Siku zile mchezo ulikuwa wa kukimbia na mpira miguuni. Mtu aliyepata mpira alikwenda nao mbele mpaka anyang'anywe, na wenziwe wakamfuata nyuma kama kundi, tayari kuuokota ukimtoka. Sheria nayo ilikuwa ngumu kwa yule aliyetangulia mbele ya mpira. Kwa sheria ya mwaka 1866, mchezaji aliyekuwa mbele ya mpira alihesabiwa kuwa ameotea, isipokuwa kama wapinzani watatu walikuwa kati yake na mstari wa goli lao. Kwa hiyo kumpelekea mwenzio mpira mbele kulikuwa kugumu, na watu wakaona heri kukimbia nao.

Tarehe 30 Novemba 1872 nchi mbili, Uskoti na Uingereza, zilikutana Glasgow katika mchezo ambao wahesabu wa mambo ya mpira wauita mchezo wa kwanza wa mataifa. Waingereza waliweka washambuliaji saba au nane mbele, wakategemea nguvu na mbio. Waskoti, waliotoka wote katika klabu moja ya Queen's Park, waliweka sita mbele, wakaacha wengine nyuma na katikati, nao wakapasiana mpira mtu kwa mtu. Matokeo yalikuwa 0 kwa 0. Tazama, msomaji: upande mmoja ulikuwa na washambuliaji wengi kuliko mwingine, wala haukupata hata bao moja kwa wingi huo. Hapo watu walianza kuona ya kuwa mtu aliyebaki nyuma hakukaa bure.

Katika miaka iliyofuata washambuliaji wakapunguzwa kidogo kidogo. Ilipofika miaka ya 1880 timu nyingi za Uingereza zilikuwa zimefika kwenye mpango uliodumu muda mrefu kuliko yote. Nao ni huu: golikipa, mabeki wawili, viungo watatu ambao wazee wetu waliwaita mahafu, na mafowadi watano. Kwa tarakimu huandikwa 2-3-5, kwa kuhesabu toka nyuma kwenda mbele, na golikipa hahesabiwi. Klabu ya Preston North End ilitwaa ubingwa wa ligi ya kwanza ya Uingereza, msimu wa 1888 na 1889, kwa mpango huu. Ilicheza michezo 22, ikashinda 18, ikatoka sare 4, isifungwe hata mmoja.

Mtu mkubwa wa mpango huo alikuwa hafu wa kati, aliyeitwa senta-hafu. Alisimama katikati ya kiwanja kama nguzo ya kati ya nyumba ya msonge. Mpira ukiwa kwa adui, aliwasaidia mabeki. Mpira ukiwa kwao, aliwapelekea mafowadi. Mahafu wawili wa pembeni walizuia mawinga, na mabeki wawili walikaa ndani kumkinga golikipa.

Mpango huu ndio uliokuja kwetu Afrika ya Mashariki. Mpira uliletwa na mabaharia, askari, makarani, na walimu wa misheni. Kiungani, kule Unguja, palikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo vijana wa Kiafrika walifundishwa mchezo huu, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1926 lilianza shindano la Kombe la Gossage kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Huko Dar es Salaam klabu ya Young Africans iliundwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikaundwa ile iliyojulikana baadaye kwa jina la Sunderland, ambayo tangu mwaka 1971 huitwa Simba. Wazee waliocheza siku zile walijua vizuri maneno ya fulubeki, senta-hafu, insaidi na winga.

Sasa tumefika kwenye jambo moja ambalo mwanafunzi wetu alituuliza. Alisema, "Walimu, mbona hesabu ya mpira haiendi sawa? Namba 2 ni beki wa kulia, namba 3 ni beki wa kushoto, namba 4 na 5 ni mabeki wa kati, lakini 6 amesimama mbele yao, katikati ya kiwanja. Na namba 8 yuko nyuma ya 7. Ni nani aliyehesabu hivi?"

Jibu ni kwamba namba hizi zilihesabiwa sawasawa, ila watu ndio waliohama. Tarehe 25 Agosti 1928 wachezaji wa klabu za Arsenal na Chelsea walivaa namba mgongoni katika michezo ya ligi, na mwaka 1939 ligi ya Uingereza ikaamuru timu zote zifanye hivyo. Namba ziligawanywa kwa mpango wa 2-3-5, toka nyuma kwenda mbele na toka kulia kwenda kushoto. Namba 1 alikuwa golikipa, 2 na 3 mabeki, 4, 5 na 6 mahafu watatu, na 7, 8, 9, 10 na 11 mafowadi watano. Ukiuchora mpango huo ubaoni utaona namba zimepangika vizuri kama watoto mstarini. Basi, kama leo namba 5 yu nyuma na namba 6 yu mbele yake, maana yake namba 5 aliondoka mahali pake. Ni nini kilichomwondoa?

Kilichomwondoa ni sheria. Tumesema ya kuwa wapinzani watatu walitakiwa kuwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli. Mabeki wakajifunza hila. Beki mmoja alipanda mbele ghafula, mwenziwe akabaki nyuma pamoja na golikipa. Hapo mshambuliaji alihesabiwa wawili tu mbele yake, naye ameotea. Hila hii ikazidi mpaka michezo ikawa ya filimbi kila dakika, na mabao yakawa machache. Mwaka 1925 sheria ikabadilishwa: badala ya wapinzani watatu, wawili wakatosha. Mara moja mlango ukafunguka. Katika daraja la kwanza la ligi ya Uingereza yalikuwa yamefungwa mabao 1,192 katika msimu wa kabla ya badiliko. Msimu uliofuata yalifungwa mabao 1,703.

Twaomba msomaji aangalie kwa makini yaliyotokea Oktoba ya mwaka huo. Klabu ya Arsenal ya London, chini ya mwalimu wake mpya Herbert Chapman, ilikwenda Newcastle tarehe 3 Oktoba 1925, ikafungwa mabao 7 kwa 0. Mabao saba! Kama ingekuwa kwetu, golikipa angehama kijiji. Lakini mchezaji mmoja mzee wa timu, Charlie Buchan, alikuwa akishauri ya kuwa kosa si la mtu, kosa ni la mpango. Mafowadi wa kati sasa walipita katikati ya mabeki wawili, kwa kuwa senta-hafu alikuwa mbali mbele. Akashauri senta-hafu arudi nyuma, asimame kati ya mabeki wawili, ili wawe watatu. Na kwa kuwa sasa katikati pangekuwa na upungufu, fowadi mmoja wa ndani arudi kuijaza nafasi. Chapman akakubali. Siku mbili baadaye, tarehe 5 Oktoba, Arsenal walicheza na West Ham, wakashinda 4 kwa 0.

Katika miaka iliyofuata Chapman aliukamilisha mpango huu. Mafowadi wawili wa ndani, namba 8 na 10, wote walirudi nyuma kidogo. Hivyo, ukiwatazama toka juu, washambuliaji walifanana na herufi W na walinzi na herufi M, ndiyo sababu mpango uliitwa WM. Arsenal walitwaa ubingwa mwaka 1931, tena 1933, 1934 na 1935. Chapman mwenyewe alifariki Januari 1934. Mchezaji aliyesifiwa sana katika timu ile alikuwa Alex James, aliyecheza namba 10. Huyu hakufunga mabao mengi. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya walinzi na washambuliaji, aupokee mpira, aupeleke panapofaa. Wengine walifunga kwa sababu yeye hakukimbilia kufunga.

Hapa twaona kanuni ya kwanza. Huwezi kumwondoa mtu mmoja mahali pake bila kuuliza nani atapajaza. Namba 5 akirudi, namba 8 na 10 nao hawana budi kurudi.

Kanuni ya pili ilifundishwa na Wahungaria. Tarehe 25 Novemba 1953 walikwenda Wembley kucheza na Waingereza. Mpaka siku hiyo hapakuwa na timu ya nchi yo yote kutoka nje ya visiwa vyao iliyopata kuwashinda Waingereza nyumbani kwao. Wahungaria walikuwa na mchezaji aliyevaa namba 9, Nándor Hidegkuti. Kwa desturi, namba 9 ni mtu wa mbele kabisa, na kazi ya namba 5 wa adui ni kumshika. Lakini Hidegkuti hakukaa mbele. Alirudi nyuma, karibu na viungo wake, akacheza toka huko. Harry Johnston, namba 5 wa Uingereza, akawa katika shida. Akimfuata Hidegkuti, aliacha pengo mbele ya goli lake, na wenzake Hidegkuti wakaingia humo. Akibaki mahali pake, Hidegkuti alikuwa huru kufanya atakalo. Wahungaria walishinda 6 kwa 3, na matatu kati ya hayo sita yalifungwa na Hidegkuti mwenyewe.

Johnston hakuichezea tena timu ya nchi yake, wala si yeye peke yake. Golikipa hakulaumiwa sana siku ile, alilaumiwa namba 5. Lakini twauliza tena swali la mama yule: je, kosa lilikuwa la Johnston? Alifanya kama alivyofundishwa. Waliompanga hawakumwambia nani atamshika mtu yule ikiwa yeye hawezi. Mwezi Mei 1954 timu hizo zikarudiana Budapest, na Waingereza wakafungwa 7 kwa 1 ijapokuwa Johnston hakuwapo. Basi mtu alikuwa ameondolewa, na kosa likabaki.

Baada ya hayo walinzi wakaongezeka tena. Wabrazili walikwenda Uswidi mwaka 1958 kushindania Kombe la Dunia wakiwa na mabeki wanne, viungo wawili, na washambuliaji wanne, yaani 4-2-4. Hafu mmoja alikuwa amerudi kusimama kando ya senta-hafu, na kwa hiyo mabeki wa kati wakawa wawili. Lakini viungo wawili ni wachache, na hilo Wabrazili walilijua. Winga wao wa kushoto, Mário Zagallo, alikuwa na kazi mbili: timu ikishambulia alikuwa winga, ikishambuliwa alirudi mbio kuwa kiungo wa tatu. Walitwaa kombe kwa kuwafunga wenyeji 5 kwa 2. Mwaka 1962 walitwaa tena, na sasa hesabu ilisemwa waziwazi kuwa 4-3-3.

Msomaji sasa anaweza kumjibu mwanafunzi wetu. Namba 5 alirudi kwa ajili ya sheria ya 1925. Namba 4 alimfuata baadaye, walipotakiwa mabeki wanne. Namba 6 peke yake, katika wale mahafu watatu wa kale, akabaki katikati. Namba 8 na 10 walirudi toka mbele kuja kumsaidia. Tena si kila nchi ilihama namna moja. Kwa Wabrazili beki wa kushoto ni namba 6, na mtu anayesimama mbele ya mabeki ni namba 5. Waajentina nao humwita mtu huyo namba 5. Namba ni jina tu, na kila nchi ina desturi yake. Kazi ndiyo moja kila mahali: lazima awepo mtu wa kusimama mbele ya mabeki na kuilinda njia ya katikati.

Kazi hiyo ndiyo iliyoachwa siku ile katika kiwanja cha shule yetu. Ili tuieleze vizuri, na tutoke kiwanjani kidogo twende shambani. Kila mtu aliyelima mpunga katika mabonde yetu ajua kazi ya kuamia ndege. Shamba likiwa kubwa, watoto wanne hugawana pembe nne, kila mmoja na ulingo wake. Ndege wakishuka pembe ya mashariki, na watoto wote wakakimbilia huko kwa kelele, ndege huruka wakashuka pembe ya magharibi, wakala kwa raha. Jioni baba akija akaona mpunga umeliwa magharibi, humgombeza mtoto wa magharibi. Lakini mtoto yule alikuwa amekwenda kuwasaidia wenziwe, na wote wanne walikuwa wamekubaliana kwenda. Kosa lilifanyika mashariki, ila lilionekana magharibi.

Ndivyo ulivyo mpira. Bao huonekana golini, lakini aghalabu huanzia mbali. Timu yenye viungo watatu wa katikati ikikutana na yenye wawili, kuna mtu mmoja ambaye hana wa kumshika. Huyo hupokea mpira kwa utulivu, hutazama, hupeleka. Wale wawili wakimkimbilia wote, wameacha wengine. Beki akitoka kwenda kusaidia, ameacha mshambuliaji. Mwisho wa mnyororo huo wote ni golikipa, ambaye hana mtu nyuma yake wa kumwachia. Ndiyo sababu mwalimu mwema, kabla ya kusema nani mbaya, huhesabu kwanza watu wa katikati.

Golikipa naye ameongezewa kazi. Tangu mwaka 1992 sheria yamkataza kuushika kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi. Hivyo amekuwa kama beki mwingine, na hapana budi ajue kucheza kwa miguu. Zamani mpango ulihesabiwa bila yeye. Leo timu isiyomhesabu inajidanganya.

Na sasa turudi nyumbani. Hapa Turiani, kati ya mashamba ya miwa, iko klabu ya Mtibwa Sugar, iliyoanzishwa mwaka 1988 na wafanyakazi wa sukari, na kiwanja chake ni Manungu. Siku zote ubingwa wa nchi umekuwa ukitwaliwa na Simba na Yanga wa Dar es Salaam, na ni mara chache timu nyingine zimepenya, kama vile Tukuyu Stars mwaka 1986 na Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Lakini mwaka 1999 Mtibwa walitwaa ubingwa, na mwaka 2000 wakautwaa tena. Mji mdogo wa miwa uliwashinda wakubwa wa nchi miaka miwili mfululizo.

Wengi wakikumbuka Mtibwa huwataja wafungaji. Sisi twapenda kuwataja wawili wa nyuma. Mmoja ni Mecky Maxime, beki wa kulia, namba 2, aliyekuwa pia nahodha wa timu ya taifa, na baadaye akawa mwalimu wa klabu hii hii. Wa pili ni Shaban Nditi, kiungo wa kuzuia, yaani namba 6, aliyeitumikia Mtibwa kwa miaka mingi na kuwa nahodha wake. Kazi ya Nditi ilikuwa ile ile ambayo kijana wetu aliiacha. Mtu wa namna hii hapigiwi makofi mara nyingi, kwa kuwa akifanya kazi yake vema, hapana linalotokea. Mpira haufiki golini, basi watu hawaoni cha kushangilia.

Klabu hiyo imepata pia matunda mengine. Mwaka 2018 ilitwaa Kombe la Shirikisho la nchi kwa kuifunga Singida United 3 kwa 2 mjini Arusha, mwalimu akiwa Zuberi Katwila, mchezaji wake wa zamani. Januari 2020 iliifunga Simba 1 kwa 0 Unguja katika fainali ya Kombe la Mapinduzi. Lakini mpira haumwogopi bingwa wa jana. Mwaka 2024 Mtibwa walishuka daraja, na watu wa Turiani wakahuzunika. Mwaka 2025 walipanda tena.

Mtu asidhani ya kuwa ulinzi wa pamoja ni ujanja wa timu ndogo za mashamba tu. Mwaka 2022, katika Kombe la Dunia kule Qatar, Moroko ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Katika michezo mitano kabla ya hapo ilifungwa bao 1 tu, nalo walijifunga wenyewe. Hispania hawakuwafunga, wala Ureno. Mbele ya mabeki wao alisimama Sofyan Amrabat, naye hakufunga bao hata moja katika shindano lile. Lakini mashindano yalipokwisha, jina lake lilikuwa katika vinywa vya watu wengi.

Basi, kwa wale wanaoziangalia timu za shule na vijiji, tunatoa mashauri machache yatokanayo na haya tuliyosimulia. Kwanza, msichague mpango kwa sababu mmeusikia redioni. Tazameni kwanza vijana mlio nao. Ukiwa huna winga awezaye kukimbia kwenda na kurudi, usipange mpango unaomhitaji. Pili, msimpe kijana dhaifu namba 6 kwa sababu nafasi nyingine zimekwisha. Mpeni mwenye akili na utulivu, hata akilia kuwa ataka namba 9. Tatu, mtu akipanda, mwenzake ajue kabla ya mchezo ya kuwa ni yeye atakayebaki. Nne, watazamaji wasiwe walimu. Kelele za ukingoni hazioni nyuma.

Nasi tulimrudishaje golikipa wetu? Siku aliyorudi shuleni tulichora kiwanja ubaoni, tukaweka alama 11 za timu yetu na 11 za wapinzani, kila mmoja mahali alipokuwa kabla ya bao la kwanza. Kisha tukawaambia wanafunzi wamnyoshee kidole mwenye kosa. Mwanzo wengi walinyosha kuelekea golini. Tukaanza kuurudisha mpira nyuma kwa chaki, pasi moja moja, mpaka tukafika kwenye nafasi tupu katikati. Darasa likanyamaza. Wote wakageuka kumtazama kijana wa namba 6.

Yule kijana akasimama. Hakuwa na hasira, ila macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Walimu, si ninyi mlioniambia nipande?"

Ilikuwa kweli. Tukachukua chaki, tukatia alama ya kumi na mbili ukingoni mwa kiwanja, mahali tuliposimama sisi, tukaandika chini yake: Walimu. Jioni ile tulikwenda tena kwa mama wa golikipa kumpelekea jibu la swali lake.